Tableti Nzito: Jua Kama ni Prosesa au RAM Kabla ya Kutoa Pesa

Jumatatu moja asubuhi mwalimu wa sekondari alifika kwenye meza yangu hapa Arua, Uganda, tableti yake ameiviringisha kwenye leso. Tulipomaliza kusalimiana akaingia moja kwa moja kwenye shida yake.

"Fundi, niongezee RAM. Hii iliyomo imeshindwa."

"Mwalimu, RAM ya tableti haiongezwi. Imechomelewa kwenye bodi."

Alinitazama kama mtu aliyenyimwa. Kompyuta ya ofisini kwao iliwahi kuongezwa RAM, aliona kwa macho yake: fundi alifungua, akachomeka kipande kipya, dakika tano mashine imefufuka. Ni kweli kabisa, kompyuta ya mezani ina sloti. Tableti haina. Chipu za RAM huchomelewa kiwandani, na mara nyingi hukaa juu ya prosesa yenyewe kama sahani mbili zilizopandana. Prosesa nayo ni hivyo hivyo. Atakayekuambia anakuongezea moja kati ya hizo kwa elfu hamsini, chukua tableti yako uondoke.

Kwa hiyo tukisema kuboresha prosesa au RAM ya tableti, maana yake ni kununua tableti nyingine, na hizo ni pesa za kufikiria. Kabla hujafika huko inafaa ujue kinachokukaba ni nini hasa, kisha ujue pesa yako itabadilisha nini na nini kitabaki kama kilivyo. Tableti hiyo wenzetu Watanzania huiita kishikwambi. Neno zuri, lakini ukiliomba katika duka la huku utaulizwa unaumwa wapi.

Hatua ya 1: Tenganisha vitu vitatu

Simama dakika kumi kwa kijana wa rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai. Mikono yake ndiyo prosesa. Ubao mdogo anaokatia nyanya na kuwekea mayai ndio RAM: kila kilicho pale anakifikia bila kuinama. Ndoo na katoni zilizo chini ya meza ndizo hifadhi, ile ambayo watu wa duka huiita memori. Ubao ukijaa, inabidi ateremshe kitu chini apate nafasi, na kikitakiwa tena anainama kukitafuta. Wewe mteja unaona amechelewa, unasema kijana huyu mzito. Mikono yake ni myepesi. Anainama mno.

Hapo ndipo penye mkanganyiko mkubwa wa sokoni. Mtu akikuambia tableti ina "memori 64", anazungumzia ndoo, siyo ubao. Nimeona watu wakiacha tableti ya RAM 4 na hifadhi 64, wakachukua ya RAM 2 na hifadhi 128, wakiamini wamepata yenye nguvu mara mbili.

Prosesa nayo ina mtego wake. Boksi litakuambia ina viini 8. Viini 8 ni vijana wanane kwenye meza moja, lakini chapati moja haigeuzwi na watu wanane. Kufungua ukurasa wa gazeti, kutoa herufi unapoandika, kugeuza kurasa za PDF, kazi hizi hutegemea zaidi kiini kimoja au viwili vyenye kasi ya kweli. Vingine sita vinasaidia pale kazi zikiwa nyingi kwa wakati mmoja. Namba 8 peke yake haikuambii lolote kuhusu kasi ya yule mmoja anayeshika chapati yako.

Hatua ya 2: Soma kilichomo ndani, uachane na boksi

Fungua Mipangilio, shuka mpaka mwisho, ingia Kuhusu kompyuta kibao. Nataja majina ya Kiswahili kwa sababu vifaa vyangu vyote nimeviweka kwa Kiswahili. Zamani wateja walinicheka, lakini tangu Baraza la Mawaziri liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, angalau nina pa kuegemea. Pale utaona jina la modeli, toleo la Android, na kwa tableti nyingi kiasi cha RAM.

Usiishie hapo. Weka programu ya bure iitwayo CPU-Z kutoka Play Store. Ni nyepesi, na itakuonyesha jina la prosesa, aina ya viini vyake, na RAM ambayo mfumo unaiona kweli. Andika vitu vitatu kwenye karatasi: jina la prosesa, RAM kamili, na hifadhi iliyobaki.

Usishtuke ukiona tableti ya GB 4 inaonyesha 3.6 au karibu na hapo. Sehemu ndogo hutengwa kwa mfumo na picha za skrini tangu inapowaka. Lakini pengo likiwa kubwa, kuna jambo. Afande mmoja aliniletea tableti aliyouziwa kwa laki tano na nusu, boksi limeandikwa RAM 8 kwa herufi za dhahabu.

"Fundi, hii ni mpya kabisa lakini inanisumbua kuliko ile ya zamani."

"Tuone, afande."

CPU-Z ikatoa 3.7. Nikageuza boksi upande wa chini, na pale, kwa maandishi ya kuhitaji miwani, kulikuwa na 4+4. Hiyo nne ya pili siyo RAM. Ni kipande cha hifadhi kilichokopwa kifanye kazi ya RAM, yaani kijana wa rolex amevuta ndoo karibu kidogo na kuiita ubao. Hifadhi ya tableti za bei nafuu ina kasi ndogo mno kulinganisha na RAM ya kweli, basi hiyo nyongeza husaidia programu isifungwe haraka, lakini haiifanyi tableti iwe na kasi. Afande alinyamaza, kisha akaniomba nimwandikie zile namba mbili kwenye karatasi. Sikuuliza alikuwa anaipeleka wapi.

Kuna ubaya zaidi ya huo: tableti za kughushi ambazo hata ukurasa wa Mipangilio umechezewa uonyeshe GB 12 na hifadhi 512. CPU-Z mara nyingi huziumbua, kwa sababu utakuta prosesa ya zamani yenye viini vinne ikidai RAM ambayo haiwezi hata kuibeba.

Hatua ya 3: Ipime, kila ugonjwa una dalili yake

Hapa usiwe na haraka. Zima tableti, iwashe, ingoje dakika mbili tatu itulie. Mfumo unapowaka huwa unapanga mambo yake, ukianza kupima hapo hapo utaionea.

Jaribio la kwanza ni la RAM. Fungua Chrome kwenye ukurasa wowote wenye fomu au kisanduku cha kuandika. Andika sentensi mbili, usitume. Toka bila kuifunga. Fungua WhatsApp, soma ujumbe mmoja. Fungua kamera, piga picha. Fungua YouTube, tazama nusu dakika. Fungua PDF. Sasa rudi Chrome. Ukikuta sentensi zako zipo, RAM inakutosha kwa kiwango hicho cha matumizi. Ukiona ukurasa mweupe, kisha unaanza kupakia upya na maandishi yamepotea, umeuona ugonjwa wenyewe. Android ilipoishiwa nafasi iliichagua Chrome ikaiua kimyakimya ili kamera ipate pa kukaa.

Mwalimu alifanya jaribio hili mbele yangu. Tableti yake ilikuwa na RAM GB 2. Aliporudi Chrome, ukurasa ukawa mweupe, naye akacheka kicheko cha uchungu. "Ndivyo ninavyopoteza alama za wanafunzi kila wiki," akasema. Alikuwa akijaza alama, akipigiwa WhatsApp anaenda kujibu, akirudi kila kitu kimeondoka. Yeye miezi yote hiyo alilaumu mtandao.

Na kuna hasara nyingine ambayo watu hawaihesabu. Ukurasa ukipakiwa upya unakula data upya. Sisi hapa data tunailipia ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, ule uliochukua nafasi ya OTT, kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku. RAM ndogo inakufanya ununue gazeti lile lile mara nne kwa asubuhi moja.

Jaribio la pili ni la prosesa. Washa tena tableti, fungua kitu kimoja tu, kwa mfano PDF yenye kurasa nyingi na picha iliyohifadhiwa ndani ya tableti. Isogeze juu na chini kwa kasi. Kisha fungua kibodi sehemu ya kuandika, uandike haraka. Kama picha zinachelewa kutokea, au herufi zinakuja nyuma ya kidole ingawa hakuna kingine kilichofunguliwa, hiyo ni prosesa. RAM ina nafasi tele wakati huo, haina hatia.

Zima data na Wi-Fi kabla ya kulifanya jaribio hilo. Usipofanya hivyo utachanganya uzito wa tableti na uzito wa mtandao, na hakuna prosesa duniani inayoongeza minara ya simu.

La tatu ni la hifadhi, na ndilo linalosahaulika. Anza kusasisha programu tatu nne kwenye Play Store, na wakati zinaendelea jaribu kutumia tableti kama kawaida. Ikiganda kabisa, vidole vyako haivisikii mpaka usasishaji uishe, basi kinachokaba ni hifadhi. Tableti za bei ya chini hutumia aina iitwayo eMMC, ambayo haiwezi kusoma na kuandika kwa wakati mmoja. Ni kama daraja la njia moja, magari ya upande huu yanangoja ya upande ule. Aina ya UFS ina njia mbili. Tena hifadhi ikijaa mpaka ikabaki chini ya asilimia kumi hivi, kuandika kunakuwa kugumu zaidi na kila kitu kinaburuzika, hata kama prosesa ni nzuri.

La mwisho ni joto. Itumie nusu saa mfululizo. Kama mwanzoni ilikuwa nyepesi na sasa imepungua kasi, gusa mgongo wake. Prosesa ikipata moto hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Mchana wa Februari huku West Nile, kwenye benchi chini ya mabati, hata tableti nzuri itakuwa mzee. Itoe kwenye kifuniko kizito, ihamishie kivulini, usiichaji ukiitumia.

Hatua ya 4: Jaribu dawa za bure

Dalili nyingi hupungua bila kununua chochote. Nitataja zile ambazo zimenifanyia kazi.

Anza na WhatsApp. Ndani ya mipangilio yake kuna sehemu ya kudhibiti hifadhi. Hapo utakuta video za harusi za watu usiowajua na salamu za asubuhi zenye maua. Kwa mwalimu zilikuwa GB 9, kwenye tableti ya GB 32. Zifute, kisha zima upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video ili zisirudi.

Pili, VPN. Januari 2021 Facebook ilifungwa nchini, na watu wengi wakaanza kupitia VPN, programu inayopitisha mtandao wako kwa njia ya siri. Sina la kusema kuhusu hilo, lakini ufahamu kwamba VPN ikiwashwa asubuhi haizimiki mpaka usiku: inakaa kwenye RAM muda wote, na kila kinachopita mtandaoni prosesa inakifunga na kukifungua kwa siri. Kwenye tableti dhaifu mzigo huo unaonekana kwa macho. Nimekuta moja yenye VPN tatu, mbili zimesahaulika na zote zinaamka zenyewe. Bakiza moja, izime ukimaliza.

Tatu, zitoe zile programu za "kusafisha RAM" zenye picha ya ufagio. Zinaua programu zilizo tayari mezani, halafu ukizihitaji tena prosesa inaanza kuzifungua kutoka sifuri. RAM tupu haina faida yoyote. RAM imewekwa ijazwe. Kinachotakiwa ni itoshe.

Kadi ya memori usiihesabu kuwa dawa. Inaongeza pa kuweka picha na nyimbo, basi.

Ile RAM ya kukopa, kama tableti yako inayo, jaribu kuizima siku mbili kisha uiwashe siku mbili. Kwenye hifadhi yenye kasi huwa inasaidia kidogo. Kwenye eMMC ya zamani nimeona mara nyingi tableti ikitulia baada ya kuizima, maana kila dakika ilikuwa ikibeba vitu kwenda chini na kuvirudisha.

Kuna hila moja ya macho pia. Ukigonga Nambari ya muundo mara 7 kwenye ukurasa wa Kuhusu, zitafunguka Chaguo za wasanidi programu. Ndani yake kuna mizani tatu za uhuishaji, zote zikiwa 1x. Ziweke 0.5x. Prosesa haijabadilika hata kidogo, lakini madirisha yanafunguka kwa nusu ya muda wa mapambo, na mteja huwa anasema umefanya nini fundi. Usiguse kingine humo ndani.

Ikishindikana yote, hamisha vitu vyako kisha irudishe tableti ilivyotoka kiwandani. Hakikisha unakumbuka barua pepe na nywila ya Google iliyomo, la sivyo inaweza kukufungia nje.

Hatua ya 5: Kama ni kununua, pesa itabadilisha nini?

Tuanze na RAM, na tuseme ukweli kuhusu kila ngazi.

Kutoka 2 kwenda 4 ni kama kuhama nyumba. Vifaa vya GB 2 ni wale ambao Google imewatengenezea Android nyepesi, ile ya Go, kwa sababu ya kawaida inawalemea. Ukihamia 4, Chrome na WhatsApp zinakaa pamoja bila kuuana. Kwa mtu wa kusoma, kuandika, ujumbe na mobile money, 4 ndiyo sakafu. Chini ya hapo sikushauri ununue mwaka huu.

Kutoka 4 kwenda 6 au 8 utakiona kama wewe ni mtu wa kugawa skrini mara mbili, darasa la video upande huu na daftari upande ule, au wa kufungua kurasa kumi na tano za Chrome. Kama hufanyi hivyo, utaiona kwa njia nyingine: tableti itadumu zaidi, kwa sababu programu hazipungui uzito, kila mwaka zinaongezeka. Juu ya 8, kwa matumizi ya kila siku, unalipia namba ya kuwaonyesha majirani.

Sasa prosesa. Chukua mfano wa tableti mbili za Samsung zenye skrini sawa ya inchi 8.7: Galaxy Tab A7 Lite ya 2021 na Galaxy Tab A9 ya 2023. Ya kwanza ina Helio P22T, ya pili ina Helio G99, zote prosesa za kampuni ya MediaTek. Zote mbili zina viini 8. Ukisoma gigahezi, ya zamani inafika 2.3 na mpya 2.2. Muuzaji asiyejua, au anayejua sana, atakuambia ya zamani ina kasi zaidi.

Siyo kweli hata kidogo. Viini vyote 8 vya P22T ni vya aina ya Cortex-A53, muundo uliotangazwa 2012, ambao unashughulikia amri kwa foleni: moja ikikwama, zilizo nyuma zinangoja. G99 ina viini viwili vya Cortex-A76, muundo wa 2018, vinavyoweza kuruka amri iliyokwama na kuendelea na nyingine, tena vikachukua amri nyingi zaidi kwa kila pigo. Gigahezi inahesabu mapigo tu. Haisemi kila pigo limefanya kazi kiasi gani. Kijana anayegusa chapati mara mia kwa dakika si lazima awe anauza nyingi kuliko anayeigusa mara tisini na tano akajua anachofanya. Juu ya hayo, P22T imetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 12 na G99 kwa ya 6, yenye vijenzi vidogo zaidi ndani ya chipu, maana yake ya pili hutumia umeme mdogo kwa kazi ile ile na hupata joto polepole. Kwa mtu anayechaji kwa sola, hilo pekee ni sababu.

Kwa hiyo ukisoma karatasi ya tableti, tafuta angalau viini viwili vikubwa: A73, A75, A76 au zaidi. Prosesa ya Unisoc T618, kwa mfano, ina A75 mbili. Ndiyo iliyokuwa ndani ya Galaxy Tab A8. Ukikuta A53 peke yake, au A55 peke yake, jua unanunua mikono minane ya polepole, hata kama RAM ni 8.

Prosesa na RAM vinashikana kuliko watu wanavyodhani. RAM inapokaribia kujaa, Android hubana vitu vilivyomo, kama unavyokaza nguo kwenye sanduku la safari ya basi la usiku la Kampala. Kubana na kubanua ni kazi ya prosesa. Basi tableti yenye RAM ndogo na prosesa dhaifu inaumia mara mbili: RAM inaishiwa, na mikono michache iliyopo inashughulika kukunja nguo badala ya kukuhudumia. Ndiyo maana RAM 4 yenye G99 inaweza kukupa raha kuliko RAM 6 yenye viini vya A53 tupu.

Mfano wa upande wa pili ni iPad ya kizazi cha 9, ya 2021. Ina RAM GB 3 tu, lakini chipu yake ya A13 ni kali kiasi kwamba ukifungua kitu kimoja inaziacha mbali Android nyingi za GB 8. Fungua kurasa nyingi za mtandao hata hivyo, utaona nayo inaanza kuzipakia upya. Ubao ni mdogo, haidhuru mikono ni ya nani.

Ambacho hakitabadilika: kasi ya mtandao wako, na video. Hili la video nataka ulishike vizuri, kwa sababu ndiyo silaha ya dukani. Ndani ya chipu kuna sehemu maalumu ya kufungua video tu, na hata chipu dhaifu inayo. Tableti mbovu kabisa itakuonyesha mpira wa Cranes, timu yetu ya taifa, bila kukatika. Wakati muuzaji anakuchezea video ya mbuga yenye rangi kali, anakuonyesha skrini. Prosesa imepumzika.

Hatua ya 6: Siku ya dukani

Nenda na data yako kwenye simu, na uende asubuhi kabla hakujajaa watu. Iwe ni William Street kule Kampala au mtaa wa mjini kwenu, utaratibu ni ule ule.

Omba iliyofunguliwa, ya maonyesho. Mwambie muuzaji kwa adabu: "Boss, naomba niijaribu dakika tano, nikiridhika tunalipana." Mwenye bidhaa safi hakatai. Iunganishe na hotspot yako, weka CPU-Z, linganisha na ulichoambiwa. Kisha rudia jaribio la fomu la hatua ya 3 pale pale kwenye kaunta. Fungua ukurasa wa gazeti wenye picha nyingi na matangazo, usogeze kabla haujamaliza kupakia; huo ndio mtihani wa prosesa ambao hauhitaji programu yoyote. Geuza tableti kutoka wima kwenda ulalo mara kadhaa uone inavyojipanga.

Angalia toleo la Android na tarehe ya usasishaji wa usalama. Kama tarehe ni ya miaka mitatu nyuma na tableti inaitwa mpya, uliza.

Kwa zilizotumika, zile zinazoitwa UK used, hatari kubwa ni kufuli kuliko prosesa. Nyingine zilikuwa za shule au kampuni huko ng'ambo, na bado zinadhibitiwa kutoka kule. Mwambie airudishe kiwandani mbele yako, iwake upya mpaka kwenye skrini ya nyumbani. Ikiomba akaunti ya mtu usiyemjua, au ikiandika kwamba inasimamiwa na taasisi fulani, mrudishie. Betri nayo imezeeka, na betri iliyochoka sana inaweza kuzima tableti ghafla prosesa inapotaka umeme mwingi kwa mara moja.

Pata risiti yenye modeli kamili na RAM imeandikwa. Siyo "tablet 1 pc".

Mwalimu hakununua siku ile. Tulifuta zile GB 9, tukatoa VPN mbili, tukaweka uhuishaji 0.5x, na nikamfundisha kuandika alama kwanza kwenye daftari la tableti, ambalo linajihifadhi lenyewe, kisha kuzinakili kwenye fomu. Nilimtoza elfu kumi. RAM ilibaki 2 na nilimwambia hivyo. Miezi mitatu baadaye alirudi na pesa za SACCO na karatasi aliyoandika mwenyewe: RAM 4 au 6 ya kweli, A75 au A76, hifadhi 64. Juu yake, kwa wino mwekundu wa kusahihishia, alikuwa amepigia mstari neno "kweli".